Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumamosi, kabla sijafungua mlango,
nakoroga gundi ya unga kwenye kopo la siagi.
Maktaba yetu ya Kaloleni haina pesa ya gundi ya duka,
na hata ingekuwa nayo, hii yangu hukauka polepole,
inanipa muda wa kusoma.

Sisomi maandishi. Hayo nayajua.
Nasoma vidole.

Hiki cha Sungura na kisima, jalada lina uji,
wa wimbi, naujua kwa rangi.
Ukurasa wa tatu Simba kapakwa wanja kwa penseli,
na kuna aliyemchorea Fisi viatu,
viatu vya shule, vyenye kamba,
maana Fisi atembeeje pekupeku
na baridi hii ya mwezi wa saba?
Chura peke yake hajaguswa. Sijui kwa nini.

Zimwi ndiye aliyeumia kuliko wote.
Katika nakala zote nne ametobolewa macho kwa kalamu.
Ukiinua karatasi dirishani
unaiona Barabara ya Jogoo kupitia macho yake,
mikokoteni, vumbi, mama anayeuza viazi karai.

Na ukurasa wa mwisho, ule wa karamu,
ngoma, ndizi, kila aliyemezwa amerudi kwao,
ni safi kama siku ulipotoka kiwandani.
Zamani nilisononeka.
Siku hizi najua: wakifika hapo huwa wameshalala.

Jana Nanjala alirudisha kitabu kabla ya siku yake.
Ana miaka minane. Alikilaza kifudifudi mezani
akageuka haraka, kama aliyetua mzigo wa wenyewe.
Nikahesabu: tisa, kumi, kumi na tatu.
Umekatwa kwa wembe, kwa rula, kazi nadhifu.

"Yuko wapi?"
"Nimemfungia."
"Wapi?"
"Kwenye sanduku la bati. Lina kufuli.
Stima ikipotea Simiyu hulia,
anasema anamsikia anapumua."

Mama yao hufunga maua uwanja wa ndege,
zamu ya usiku. Hilo hakulitaja;
liko kwenye kadi, mahali pa sahihi.

Nikamwambia ukweli, na hadi sasa sijui kama nilifanya vyema:
nyuma ya Zimwi, upande wa pili wa karatasi ileile,
ndipo mama anaporudi na kuni kichwani.
Umewafungia wote wawili.

Akanyamaza. Akavuta uzi wa sweta,
ukawa mrefu, akauzungusha kidoleni.
"Basi ni sawa," akasema.
"Mama atamchunga. Asubuhi atafungua."

Faini ya kukata ukurasa ni shilingi mia mbili.
Nikaandika kwenye daftari: *umetoka kwa uchakavu.*
Mwongo ni mimi, na mhuri ni wangu.

Leo nimekisoma hivyohivyo, na pengo lake,
watoto kumi na saba mkekani, mmoja na mafua.
Nikafika kumi: usiku, kibanda, mlango unagongwa,
ngo, ngo, ngo.
Nikafunua. Kumi na tatu: watu wanakula.

"Ngoja!" Kisilu akapiga magoti. "Nani aligonga?"

Nikafunga mdomo. Hiyo nayo ni kazi ya maktaba.
Awino akasema ni Zimwi, ana meno mpaka kisogoni,
si kama lile la kitabuni, lile ni la watoto.
Mwingine akasema ni mwenye nyumba, anataka kodi,
na hapo kidogo kila mtu akaogopa kweli.
Wakabishana mpaka mvua ikaanza kupiga bati.

Simiyu alikuwa nyuma, karibu na kabati la atlasi,
kidole kinywani. Akakitoa.
"Ni Mama," akasema. "Amesahau ufunguo."

Nanjala hakuinua macho.
Kitabu nimekiacha wazi dirishani,
gundi ya uti wake bado mbichi.